Sura ya Sita: Kiti Kilichoacha Kuliwa

Kimutai alikipindua kiti miguu juu, akakinusa kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala.

"Rangi ya viatu," akasema. "Hii ya mkebe. Mtu alipaka, akasugua na kitambaa, akapaka tena."

Inspekta Thuo wa upelelezi, Kitale, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, mikono nyuma, kofia kwapani. Duka la Kimutai liko kwenye barabara ya kwenda Endebess, na ndani yake hukosi kitu: vibuyu, ngao, mikuki isiyoweza kuua hata kuku, na viti vya wazee ambavyo hakuna mzee aliyewahi kuvikalia. Mtu wa Kitale akiibiwa kitu cha mababu, polisi humwendea Kimutai kwanza. Naye amezoea, hashtuki tena.

"Na haya mashimo?" Thuo akauliza.

"Msumari wa moto. Ona ukingo umeungua. Mdudu hachomi mbao, afande, anatafuna." Kimutai akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake. "Si mimi nilitengeneza. Ingekuwa mimi ungeona kazi safi."

"Mukhisa wa Bungoma anasema ulienda kwao mara mbili ukitaka kununua kile cha kweli."

"Nilienda, kabla kipelekwe makumbusho. Nikakishika mguu, unga ukanimwagikia kiatu. Nikamwambia, asante mzee, kaa na kiti chako. Nani atanunua kitu inaliwa? Mzungu akifika nayo kwao anapata unga kwa sanduku." Akamrudishia Thuo kile kiti. "Na hii haikutengenezwa iuzwe. Ya kuuza unaipaka mafuta ing'are. Hii ilitengenezwa ifanane. Aliyechonga alikuwa anaelezwa na mtu anayejua ile ingine kama mkono wake."

Thuo akakitia kiti guniani, akaondoka. Alikuwa amekuja kumkamata mwizi, akaondoka na jambo moja tu la kufikiria: kile kiti hakikuibwa na mtu wa biashara.

Kiti chenyewe kilikuwa cha marehemu Mzee Khaemba wa Kabuchai, mtu aliyekuwa akiitwa kuamua ugomvi wa mashamba kutoka huko hadi Tongaren. Baada ya kufa kwake familia ilikiweka amana katika makumbusho madogo ya mjini Kitale. Majuzi mwanawe, Mukhisa, mwenye duka la mbolea Bungoma mjini, alikuja kukichukua, kwa kuwa ukoo ulikuwa umekubali sasa yeye akalie mahali pa baba yake. Alikigeuza mara moja tu, akaanza kupiga kelele. Chini ya kiti cha baba yake kulikuwa na ufa ulioshonwa kwa waya wa shaba. Hiki hakikuwa na waya wala ufa.

Polisi wakamchukua mhudumu wa makumbusho, Hiram Wabwile, kwa sababu mbili. Ndiye aliyekuwa na funguo. Tena alikuwa amemwoa mpwa wa Mukhisa, kwa hiyo alijua kiti kile kina uzito gani kwa ukoo.

"Kesho asubuhi nampeleka kortini," mkuu wa kituo alikuwa amesema. "Kama una mtu mwingine, Thuo, niletee leo."

*

Chumba cha utafiti kilikuwa nyuma ya makumbusho, kilichokuwa zamani stoo ya kutilia matandiko ya farasi. Kilinuka moshi. Daktari Chepchumba, mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale, alikuwa na koti jeupe ambalo mikono yake imegeuka rangi ya chai.

"Nieleze tena," Thuo akamwambia. "Nieleze kama mtoto wa darasa la nne."

"Mbao za hapa zinaliwa na bungua," Chepchumba akasema. "Mdudu anazaliwa ndani ya mbao, anaila kutoka ndani, na wewe kwa nje huoni kitu mpaka siku inavunjika. Madawa ya kigeni ni ghali, tena yanadhuru watu. Nataka kujua kama vitu vya hapa kwetu vinaweza kufanya hiyo kazi. Kwa hivyo nilichukua vitu vitano vilivyo na wadudu, vyote mti wa mringaringa. Viwili napulizia maji ya pareto. Viwili nafukiza na moshi wa senetwet. Ule mti akina nyanya yangu wanachoma makaa yake kusugulia vibuyu vya maziwa."

Kila kitu kilikaa juu ya wavu wa waya, na chini ya wavu kulitandazwa karatasi nyeusi. Wadudu wakila, unga wao huangukia karatasi. Kila Ijumaa Chepchumba aliivuta karatasi, akakusanya unga, akautia katika kichupa kimoja, akakipanga rafuni. Rafu ilikuwa na safu tano za vichupa.

"Unga ukipungua, wadudu wanakufa," Thuo akasema.

"Ndiyo."

"Hiyo ni vitu vinne. Cha tano?"

Chepchumba akaangalia dirishani. "Cha tano hakipewi kitu. Kinaachwa hivyo hivyo ndio tulinganishe. Bila hicho huwezi jua kama ni dawa imefanya kazi ama ni wadudu wamechoka wenyewe."

"Na hicho kilikuwa cha Mzee Khaemba."

"Ndicho kilikuwa na wadudu wengi kuliko vyote, afande. Ndicho kilifaa."

Thuo akainama rafuni, akapita safu kwa safu bila kugusa kitu. Safu za vitu vinne zilionyesha jambo moja: kichupa cha kwanza kimejaa, cha pili kimepungua, na kuendelea hivyo hadi unga ulibaki kama chumvi ya kuonja tu. Safu ya tano ilikuwa tofauti. Vichupa vilikuwa vimejaa, vimejaa, vimejaa. Halafu vitupu mpaka mwisho.

"Kwa nini unapanga chupa tupu?"

"Sufuri nayo ni jibu." Akakaa kwenye kisanduku. "Hapo ndipo kazi yangu iliharibikia. Kama kile kimeachwa bila dawa kimepona, basi pareto yangu ni bure na moshi wangu ni bure. Wadudu wamekufa kwa sababu yao wenyewe. Nilifikiri ni baridi ya mwezi wa saba. Wafadhili wameshaniambia nifunge kazi mwisho wa mwaka."

"Daktari, wewe huwa unakigusa hiki kiti?"

"Sikigusi. Ukikigusa unatikisa unga, kipimo kinaharibika. Mimi navuta karatasi tu, polepole, kutoka chini."

"Na wengine?"

"Niliwakataza wote. Hata kufuta vumbi."

Thuo akatoa kiti guniani, akakiweka juu ya ule wavu uliokuwa mtupu, akapiga magoti na kuangalia karatasi. Hakikuanguka kitu. Akakigonga kwa ngumi. Hakikuanguka kitu.

"Hawa wengine wanne wanapona kama mgonjwa anavyopona," akasema akiwa bado chini. "Leo ameinuka kitandani, kesho amekunywa uji. Huyu wako wa tano alinyamaza siku moja. Hakupona. Aliondoka, akaachwa mwingine mahali pake. Umekuwa ukipima unga wa kiti ambacho hakijawahi kuona mdudu."

Macho ya Chepchumba yakahama kutoka kwenye kiti hadi kwenye zile safu nyingine nne. "Kwa hivyo moshi..."

"Mambo ya moshi mimi sijui. Najua kiti kilibadilishwa hapa." Thuo akaweka kidole kati ya kichupa cha mwisho kilichojaa na cha kwanza kilicho kitupu. "Hii wiki ilikuwa na nini?"

Kichupa kile kilikuwa na alama ya mwanzo wa Agosti. Chepchumba hakuhitaji kufikiri sana. Ule ulikuwa mwaka wa tohara, na vijana wa Kibukusu walikuwa wakipita barabarani na njuga zao. Wiki hiyo walikuja akina mama wa kanisa kutoka upande wa Bungoma, nguo za buluu na vitambaa vyeupe kichwani, na vikapu vikubwa vya chakula. Chepchumba aliwatoa nje kuona nyoka wa makumbusho wakilishwa. Mama mmoja alibaki ndani. Alisema anaogopa nyoka.

"Ulikuwa umemwona mbeleni?"

"Alikuwa amekuja mara moja, peke yake. Aliniuliza karatasi nyeusi ni ya nini. Nikamweleza."

"Ulimweleza na ya cha tano?"

"Aliuliza vizuri, afande. Nikamwambia ukweli."

"Akasema?"

"Akasema asante."

"Na Wabwile? Si kazi yake ni kukaa na wageni chumbani?"

Chepchumba akakunja uso. "Alitoka nje. Hata mimi nilishangaa, kwa sababu Wabwile ukimwambia akae mahali, anakaa mpaka umsahau. Na ile siku ya kwanza mama alikuja peke yake, pia alitoka."

*

Wabwile alikuwa mtu mkubwa wa mwili aliyejua kukaa mahali padogo. Aliketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, magoti pamoja, viatu bila kamba. Walikuwa wamemweka katika selo ndogo ya wanawake, kwa sababu ile ya wanaume ilikuwa imejaa wanywaji wa chang'aa waliokamatwa Jumamosi.

"Akina mama wa kanisa walikuja mwezi wa nane," Thuo akaanza. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulitoka chumbani."

"Nilitoka."

"Uliitwa?"

"Hapana, afande."

"Ulikuwa mgonjwa? Ulienda msalani?"

"Hapana."

"Ulipewa kitu ndio utoke?"

Wabwile akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda kidogo. "Mimi sijapewa kitu na mtu."

"Basi kwa nini mlinzi aondoke mahali analinda?"

Wabwile akaviangalia viatu vyake visivyo na kamba. Thuo akangoja. Alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, akajua kwamba mtu mwongo hachukui muda mrefu hivyo. Mwongo huwa na jibu tayari.

"Kulikuwa na mtu hukutaka akuone?"

"Andika nilitoka, afande. Hiyo ni kweli. Andika nilitoka na kiti kikapotea."

"Nikiandika hivyo, hakimu atakufunga. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unamjua aliyekichukua?"

"Sikuona mtu akichukua kiti," Wabwile akasema. "Uniapishe na Biblia hata sasa. Sikuona, kwa sababu nilikuwa nje."



Nje, chini ya ukingo wa paa la mabati, mkewe Jentrix alikuwa ameketi na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Askari wa zamu alikuwa amemkataza kuingia, naye alikuwa ameamua kungoja mpaka askari yule abadilishwe na mwingine.

"Ugali imepoa?" Thuo akamwuliza.

"Imepoa mara mbili, afande. Nitarudi nyumbani niipashe mara ya tatu."

Thuo akachuchumaa karibu naye. "Hebu nisaidie. Mume wako ni mtu mwoga?"

"Wabwile? Alifukuza fisi na sufuria."

"Kuna mtu yeyote duniani ambaye akiingia mahali, Wabwile lazima atoke?"

Jentrix akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. "Si kila mwanaume wa kwetu ako na huyo mtu, afande? Mama mkwe. Hawawezi kaa chumba moja. Hata kwa njia wakikutana, mmoja anaingia kwa shamba ya mahindi mpaka mwingine apite. Kumsalimia na mkono hapana. Jina lake hawezi taja. Mama yangu akikuja kwetu, Wabwile anapitia dirisha..."

Hakumaliza. Thuo alikuwa anamwangalia, na Jentrix akaona anavyomwangalia. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Afande, mama yangu ni mtu wa kanisa."

"Anaishi wapi?"

"Kabuchai." Alisema kwa sauti ndogo sana.

"Ni dada ya Mukhisa, sivyo? Mukhisa alituambia familia ndiyo ilitoa kiti. Hakusema nani katika familia."

"Ni mama alikitoa. Na hawasemezani tangu hiyo siku."

"Anajua mume wako yuko ndani?"

Jentrix akalikaza fundo la kitambaa juu ya bakuli, ingawa lilikuwa limekazika. "Nitamwambia aje? Ati mkwe wako analala korokoroni? Ni heri asijue. Nilikuwa nafikiria mtamwachilia."

*

Koplo Kipruto aliendesha Landrova kwa kupitia Kamukuywa na Kimilili, wakateremka Chwele, wakaingia kati ya mashamba ya miwa. Alipozima injini Thuo alimwambia abaki garini.

Mama Nekoye, mama yake Jentrix, alikuwa jikoni, nyumba ya nyasi iliyosimama peke yake nyuma ya ile ya mabati, akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka.

"Karibu," akasema. "Wewe ni wa serikali."

"Umejuaje, mama?"

"Viatu. Kaa hapo, hakuna moshi sana upande huo."

Moshi ulikuwepo pande zote. Thuo alikaa, akaruhusu macho yake yazoee. Juu ya mafiga, mahali ambapo mahindi ya mbegu huning'inizwa ili yasiingiwe na wadudu, kulikuwa na masuke yaliyofungwa pamoja, na nyuma ya masuke, kitu cha mviringo chenye miguu mitatu, cheusi kwa masizi.

Hakusimama kukishika. Akauliza tu, "Mama, unaogopa nyoka?"

Vidole vya Nekoye vikaendelea kuchambua. "Siogopi. Nimeua wengi kwa hii jiko."

"Basi unajua kilichonileta."

"Najua. Lakini usiseme wizi. Hicho ni cha baba yangu."

"Kilikuwa amana ya makumbusho."

"Nilikipeleka mimi. Baba alipokufa, Mukhisa alikuwa anamwita mtu wa Kitale kuja kukinunua. Leo ati anataka kukikalia." Akarusha ganda mlangoni. "Nikasikia kuna nyumba inatunza vitu vya wazee, nikakipeleka. Halafu nikaenda kukisalimia. Nikakipata juu ya waya, kinamwaga unga kama mtu anayetokwa damu, na wameweka karatasi chini wakingojea. Nikauliza yule msichana. Ni mkweli, simlaumu. Akaniambia hivi vinne vinatibiwa, hiki kimoja kinaachwa kiliwe, ndio wajue vingine vimepona."

"Ni namna yao ya kufanya kazi."

"Ni namna nzuri. Lakini wewe, afande, peleka baba yako hospitali, uambiwe kati ya wagonjwa watano yeye ndiye amechaguliwa kuachwa. Utasema asante, uende nyumbani?"

"Wewe ulisema asante."

"Nilisema. Halafu nikaenda sokoni Bungoma kutafuta fundi, na kikapu kikubwa."

Thuo alikaribia kutabasamu, akajizuia. "Kwa nini hukuomba urudishiwe tu?"

"Kukitoa ilitaka sahihi ya Mukhisa, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Angenicheka mpaka watu wa Bungoma wote wasikie, kisha angekiuza. Nilisema, kikae hapa kwa moshi kwanza. Siku nikifa watakipata."

"Na mlinzi? Ulijua utampitaje?"

Sasa vidole vilisimama.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Ni mtoto ana heshima sana. Siku ya kwanza nilipoingia tu, akatoka. Hapo ndipo nilijua inawezekana. Heshima yake ndiyo nilitumia kama ufunguo. Nimeomba Mungu anisamehe hiyo, hiyo ya kiti sijaomba."

"Mama, unajua Wabwile yuko wapi leo?"

"Yuko kazini."

"Yuko selo ya polisi Kitale. Ndugu yako alimtaja, na funguo zilikuwa kwake. Kesho asubuhi anapelekwa kortini kwa wizi wa hicho kiti."

Ungo ukateleza magotini, maharagwe yakatawanyika majivuni. Nekoye hakuyatazama.

"Jentrix hakunituma neno."

"Aliona aibu."

"Na yeye, mtoto, amewaambia nini?"

"Amesema alitoka. Nimemuuliza kwa nini, kila namna ninavyojua kuuliza. Hakukutaja. Nafikiri angefungwa bila kukutaja."

Moto ulikuwa unapasuka kidogo kidogo. Nekoye aliinuka, akachukua mti mrefu wenye panda, akakitungua kile kiti kutoka darini kwa uangalifu wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Thuo akakipokea, akakigeuza. Ufa ulikuwepo, na waya wa shaba, mweusi sasa. Akakipiga kwa kiganja juu ya ukurasa wa gazeti alioutoa mfukoni. Masizi yalianguka, na katikati ya masizi punje chache za unga, si nyingi kama ilivyosemwa, lakini zilikuwepo.

"Bado kinaliwa," Nekoye akasema. Alikuwa ameangalia gazeti kwa makini kuliko yeye.

"Kidogo. Daktari atataka kukiona. Ninaweza kumwambia akitibu."

"Mwambie." Akafungua kitambaa cha kichwani, akakikung'uta. "Ningoje nje, nivae nguo ya kanisa. Sitaki kuingia polisi na nguo ya jikoni."

Njiani alikataa kiti kiwekwe nyuma pamoja na gurudumu la akiba. Alikipakata hadi Kitale, na hakuna aliyezungumza ila Koplo Kipruto, aliyelaani shimo moja karibu na Kiminini.

*

Mkuu wa kituo alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akatazama kiti, akamtazama Nekoye, akamtazama Thuo kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa kondoo.

"Bibi mzee wa kanisa."

"Ndiye, bwana mkubwa. Amekubali yote."

"Mukhisa hataondoa mashtaka. Nimeongea naye kwa simu saa hii. Anasema dada ama si dada." Akavuta pumzi. "Mwachilie yule. Huyu aandikwe, alale ndani, asubuhi tumpeleke. Sitaki kuambiwa nimeacha mshtakiwa akalale kwa jamaa."

Thuo alimwandika mwenyewe. Nekoye alijibu kila swali kwa ufupi, akatia sahihi kwa herufi kubwa alizofundishwa na wamisheni. Lakini askari alipomwelekeza koridoni, alifika mlango wa selo ndogo akasimama kama ng'ombe aliyefikishwa kwenye maji asiyoyajua.

"Ni hapa alikuwa analala?"

"Ni hapa," askari akasema. "Ni ya wanawake. Ile ingine imejaa walevi. Ingia, mama."

"Siwezi."

"Si kuweza ama kutoweza. Ingia."

"Hapo amelala mkwe wangu, na mahali mkwe amelala mimi sikanyagi. Afande Thuo, mwelezee. Nifunge mahali pengine. Nifunge kwa choo. Hapo siwezi."

Askari, kijana wa Nyeri, alimtazama Thuo akingoja aambiwe kwamba huo ni upuuzi. Kanuni za polisi zilikuwa na kila kitu, lakini hazikuwa na hilo. Thuo akamwambia mama asimame karibu na dirisha la koridoni na kutazama ukuta, kwa kuwa Wabwile alikuwa amerudishwa chumba cha mahojiano, na njia ya kutokea ilikuwa hiyo moja.

Akaenda kumfungulia. Wabwile alipewa kamba zake za viatu, akazifunga polepole, akaelezwa kila kitu. Hakushukuru. Aliuliza swali moja tu.

"Anawekwa wapi?"

"Hakuna pengine, Wabwile. Ni pale ulipokuwa."

Wabwile akaitazama sakafu. Jentrix alikuwa nje na bakuli, na mlango wa mwisho wa koridoni ulikuwa wazi, na hakuna mtu aliyekuwa anamzuia tena.

"Afande, kuna ndoo hapa?"

"Ya nini?"

"Na ufagio. Na kama kuna sabuni."

Walimletea. Alipita koridoni akiwa amegeuza uso upande, bega lake likikwaruza ukuta, na mgongo wa nguo ya buluu haukugeuka. Akaingia katika ile selo kwa hiari yake, akatoa blanketi aliyojifunika, akaikunja na kuitupa nje uani. Akamwaga maji. Kisha ufagio ukaanza.

Thuo alibaki koridoni kati ya wale wawili, kiti mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akiweke wapi. Askari wa Nyeri alijifanya kusoma tangazo ukutani. Ufagio ulikwenda pembeni, ukarudi, ukasugua mahali pamoja kwa muda mrefu, pale palipokuwa na alama ya mwili.

"Ni nani anaosha?" Nekoye akauliza, bila kugeuka.

Thuo alifikiri kumwambia ni mahabusu mmoja tu. Akaona hana nguvu ya kudanganya mtu aliyesimama hivyo.

"Ni yeye."

Nekoye akavuta kitambaa cheupe kutoka kichwani, akakishusha mpaka kikamfunika uso wote, akaendelea kusimama mbele ya ukuta huku maji machafu yakitiririka kutoka mlangoni na kupita chini ya viatu vyake.